Yupo Darasani

Mwanamke mwenye mbeleko alikuwa amesimama langoni kama siku zote, na Mwantumu, kama siku zote, alitamani apite kwingine. Lakini mji ule ulikuwa na lango moja tu. Ukiuzunguka ukuta wake kutwa nzima unajikuta umerudi palepale, mbele ya yule mwanamke, vumbi limekujaa miguuni na jibu halijabadilika mdomoni.

"Yupo, mwanangu?"

"Yupo, mama. Yuko darasani."

"Mwambie mtoto ana njaa."

"Nitamwambia."

Mwanamke akashukuru, akajitikisatikisa kumbembeleza mtoto aliyekuwa mgongoni, akaketi kwenye jiwe lake kungoja.

Amengoja miaka hamsini. Hapo ndipo akili inapokataa, nawe iache ikatae, usiilazimishe. Siku ya kwanza aliyofika langoni, mwanamke huyu alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, na Mwantumu msichana wa ishirini na moja, kiranja wa darasa, sare imepigwa pasi mpaka inakata. Leo Mwantumu ana sabini na moja, goti moja halikunjiki, na mwanamke bado ni wa arobaini na ushee. Bado anamwita "mwanangu." Na mtoto hajaota hata jino, kwa sababu mtoto hukua kwa kunyonya, na huyu anamsubiri mama yake, binti wa mwanamke huyu, atoke darasani. Waliambiwa yupo. Mtu akishaambiwa hivyo hana sababu ya kuondoka, wala ya kulia, wala ya kuzeeka.

Mwantumu alikumbatia daftari kifuani akaingia mjini. Lilikuwa daftari la mahudhurio, jalada gumu la bluu lililochakaa kwenye pembe. Ndani majina thelathini na moja. Kila aliyezikwa, Mwantumu alimchorea duara. Maduara yalikuwa yamefika kumi na moja. Waliobaki walikuwa ishirini, na kati ya hao ishirini, namba kumi na saba, Leokadia Mhagama, alikuwa na alama za vema kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Hakukosa hata siku moja. Cheti chake cha ualimu kilikuwa bado kabatini chuoni, humohumo mjini, hakijachukuliwa.

Barua ya kamati ya darasa ilisema hivi. Kesho, kengele ya chuo ikilia, darasa litatimiza miaka hamsini tangu limalize. Watakaa bwaloni, watakula wali, na kiranja atasoma majina kwa mara ya mwisho. Kisha daftari litatiwa lakiri, lisifunguliwe tena. Kitakachokuwa kimeandikwa ndicho kitakachokuwa kimetokea.

Mwantumu alitaka kitu kimoja kabla ya lakiri. Alitaka kujua ni nani aliyeitika "Nipo" asubuhi ile jina la Leokadia lilipoitwa.

*

Katika mji wa waliostaafu hakuna saa ya wote. Kila nyumba imesimama kwenye saa ambayo mwenyewe aliweka chaki chini. Unatoka kwa huyu asubuhi, unaingia kwa yule jua la utosi, na barabarani katikati hakuna saa kabisa, kuna mwanga tu usio na upande.

Kwa Apolinari ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Alistaafu siku aliyokuwa akikimbilia kipindi cha kwanza, basi amebaki hivyohivyo, povu la sabuni kidevuni, kiatu kimoja mguuni, kingine anakitafuta.

"Kiranja! Nimechelewa?"

"Umechelewa miaka kumi na moja sasa. Kaa chini."

"Nikae na mguu mtupu? Wewe utaniandika." Akacheka, kifua kikalia kama mlango mbovu. "Bibi, umezeeka lakini hilo jicho la kuhesabu watu bado unalo. Unakumbuka mwalimu wa kwaya? Ngumi!" Akakunja ngumi akaiinua juu, akavuta pumzi na kuishika mashavu yakajaa. Kisha akaufungua mkono. "Nipooo! Ngumi, shika pumzi. Kiganja, toa. Mwaka mzima anatufundisha kuitika, utasema tunaenda kuimbia malaika."

"Ndiyo yaliyonileta," Mwantumu alisema. "Kuitika."

Povu lilianza kukauka kidevuni pa Apolinari. Hakulifuta.

"Namba kumi na saba," akasema mwenyewe.

"Namba kumi na saba. Asubuhi ile niliita, macho yangu yako kwenye karatasi. Sauti ikaitika. Moja. Nyembamba, imenyooka. Nikatia vema. Wewe ulikuwa unakaa nyuma yake, Apolinari. Ilikuwa ya nani?"

Apolinari alitazama kiatu kilichokosa mwenzake.

"Ilikuwa yangu."

Mwantumu alifikiri atakasirika. Badala yake alisikia mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetua ndoo.

"Alinifuata kwenye foleni ya uji," Apolinari aliendelea. "Akaniambia, ana mtoto ng'ambo ya mto, kwa mama yake, na chuo kikijua anafukuzwa. Maziwa yanamuuma. Anavuka alfajiri, ananyonyesha, anarudi kabla ya kengele ya pili. Akaniambia, nimekuomba wewe tu, sina mwingine ninayemwamini. Wewe tu, Mwantumu. Mimi, mtu wa kupoteza viatu! Nani alikuwa ananiamini mimi? Nikaitika. Usiku wake ilikuwa imenyesha kule juu, mto umeshuka na magogo, sisi hatujui. Kengele ya pili ikalia hakurudi. Kesho yake ukaita tena. Ningesema nini? Jana yupo, leo hayupo? Wangeuliza jana aliitika nani. Nikaitika tena."

"Niandike jina lako?"

"Andika," alisema Apolinari. "Andika, nivae kiatu nipumzike."

Akaliandika kwa penseli, pembeni mwa namba kumi na saba. Akaaga.

*

Angeweza kurudi nyumbani hapo. Alikuwa na jina. Lakini barabarani, kwenye ule mwanga usio na upande, ile sauti ilimrudia sikioni, na haikuwa ya mwanamume. Wala haikuwa ya mwanamke. Akasema, kwa kuwa nimeshatoka, ngoja nimpitie Tekla anithibitishie.

Kwa Tekla ilikuwa saa nne, saa ya chai, na chai haipoi. Tekla alikuwa jirani wa kitanda wa Leokadia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuvunja mkutano, na alimpokea mwenzake kwa kumsuta tangu kizingitini.

"Mwaka wa tatu huu hujakanyaga kwangu! Leo una daftari ndiyo unaniona mtu. Kaa, shoga, unywe chai. Nani amekusuka hivyo, mbona kichwa kama shamba la mihogo?"

Mwantumu akacheka, akanywa, kisha akasema alichojia. Akasema amempata mwenye sauti. Ni Apolinari.

Kikombe cha Tekla kilisimama hewani.

"Apolinari gani?"

"Kwani tunao wangapi?"

"Yule wa viatu? Leokadia amwombe Apolinari?" Aliweka kikombe, chai ikaruka. "Muongo mkubwa! Mimi ndiye niliyeitika. Mimi! Jioni yake nilikuwa namsuka, kichwa chake kipo hapa, kwenye mapaja yangu haya. Akaniambia, Tekla, nimekuomba wewe tu. Nimelala na maneno hayo miaka hamsini, nimeyaamkia, nimezaa nayo, nimestaafu nayo. Leo unakuja kunigawia na Apolinari?"

"Tekla, sauti ilikuwa moja."

"Ndiyo ilikuwa moja! Yangu!"

Wakatazamana. Tekla ndiye aliyeanza kulia, bila sauti, jambo ambalo Mwantumu hakuwahi kuliona kwake.

"Unajua nilichokuwa nikijiambia?" alinong'ona. "Nilijiambia, angalau alinichagua mimi. Nimemuua, lakini alinichagua mimi."

"Hakuna anayejua kama amekufa."

"Tutajuaje? Nani alimtafuta?"

Mwantumu alichomoa penseli. Akaandika jina la pili chini ya la kwanza, na mistari ya daftari ilionekana kama imesogeleana ili kumbana.

*

Njiani. Hakuna saa.

Mtu ni nini, akawaza, kama si sauti inayoitika akiitwa? Na kama sauti ni ya mwingine, mtu yuko wapi? Mimi nimewaita watu miaka mitatu chuoni, kisha nikaita watoto wa wenzangu miaka thelathini na nane madarasani, na sikuwahi kuinua macho. Nilikuwa nasikiliza. Nikajisifu kwamba nasikiliza. Karatasi ikasema yupo, basi yupo, anapewa kitanda, anapewa sahani, anapewa cheti, na anayepewa vyote hivyo nani atamtafuta mtoni? Ungemkosa, ungepiga yowe. Lakini hukumkosa. Umemtia vema.

Siku ya nne mama yake alikuja na mtoto mgongoni. Mkuu wa chuo akaniita na daftari. Akalifungua mbele yake. Mama hakujua kusoma. Aliziona vema nne za siku zile, nzuri, zimelala upande mmoja. Akauliza, hizi ndizo yeye? Mkuu akasema, hizi ndizo yeye, mahudhurio yake ni kamili. Mama akafurahi. Akanigeukia. Yupo, mwanangu?

Na mimi.

Nikasema.

Alinifuata na mimi, Leokadia. Hilo sijamwambia mtu. Kwenye jiwe la kufulia, mikono yetu sote wawili imo kwenye povu. Kiranja, kesho ukifika jina langu, lipite haraka. Nikamwambia, mimi sidanganyi kwenye daftari. Akasuuza sare yake, akaikamua, akaondoka. Hakuniambia "wewe tu." Mimi peke yangu ndiye niliyemkatalia.

Na asubuhi iliposikika ile "Nipo," nilijua si yeye. Kalamu ilijua. Lakini kulikuwa na sauti, na sauti ikawa mzigo wa mwenye sauti, si wangu. Nilifurahi, mama yangu. Nilifurahi kwamba kuna mtu amenidanganyia.

*

Kwa Kibwana ilikuwa saa kumi alasiri. Alikuwa mwenyekiti wa kamati, na kabla ya hapo mkaguzi wa shule wa wilaya nzima, mtu ambaye walimu walikuwa wakimwona kwa mbali wanaficha maandalio yao mabovu. Meza yake ilikuwa barazani, na kivuli chake kirefu kilimfikia Mwantumu kabla hajafika yeye.

"Nimesikia unazunguka, Kiranja," alisema bila kuinuka. "Unakusanya majina kama askari."

"Nakusanya moja. Yamekuwa mawili."

"Yafute."

"Kibwana, kesho lakiri inatiwa. Yule mama yuko langoni."

"Na atakuwepo. Hana njaa, hana uchungu, anangoja tu. Wangapi wamejaliwa kungoja?" Akaegemea mbele. "Nikukumbushe kanuni, maana naona umesahau. Daftari lenye vema moja ya uongo linachanwa lote. Ukimchorea duara yule umekiri vema zake ni za uongo, na haondoki yeye peke yake. Tunaondoka sote. Unaelewa? Hatukusoma. Hatukufundisha. Kuna watu wazima huko nje wanasoma barua za watoto wao kwa sababu Tekla aliwashika mkono wakaandika *a*. Kesho mchana watakuwa wanatazama nini? Michoro? Na wewe ni nani, Mwantumu, ukiondoa hilo daftari?"

Hilo lilimchoma, na Kibwana aliliona limechoma, akapunguza sauti.

"Kesho ukifika kumi na saba, soma tu kama unavyosoma wengine. Usiinue kichwa. Mimi nitaitika."

"Kwa nini wewe?"

Mkaguzi wa wilaya nzima alitazama mikono yake.

"Kwa sababu mimi ndiye niliyeitika," akasema. "Aliniomba mimi tu."

Mwantumu nusura acheke, na kicheko kiligeuka njiani kikawa kitu kingine. Maana hapo ndipo aliposikia. Sauti moja, nyembamba, imenyooka, si ya mwanamume wala ya mwanamke. Vinywa ishirini na tisa, vilivyofundishwa na mwalimu wa kwaya kushika pumzi pamoja na kuitoa pamoja, kila kimoja kikidhani kiko peke yake, kila kimoja kikiwa kimeombwa siri yake. Kila mtu alisikia sauti yake tu. Na yeye aliyesimama mbele alisikia moja.

Aliinuka pale kwenye kivuli. Hakuandika jina la tatu. Alichukua kifutio akafuta na yale mawili.

"Afadhali," alisema Kibwana. "Umerudi kwenye akili."

*

Kengele ya chuo ni kipande cha reli kilichoning'inizwa, na kikigongwa, nyumba zote za mji huwa na saa ileile. Ilikuwa saa mbili asubuhi kwa wote. Apolinari alikuja na viatu viwili, kimoja cheusi, kimoja cha kahawia. Tekla alikuja na kilemba kipya na macho yaliyovimba. Waliketi bwaloni watu kumi na wanane, fimbo zimeegemezwa mezani, na katikati yao kiti cha kumi na tisa kilikuwa kitupu, mbele yake sahani ya wali iliyokwisha pakuliwa, inatoa mvuke. Kwenye meza ya mbele kulikuwa na mshumaa, kijiti cha lakiri chekundu, na Kibwana.

Mwantumu akafungua daftari. Akasoma. Wakaitika, mmoja mmoja, sauti za uzee, zenye makohozi na mikwaruzo. "Nipo." "Nipo, Kiranja." "Nipo, kama mnavyoniona, jamani," na kicheko kidogo. Penye duara alinyamaza kidogo kisha akaendelea. Kumi na tano. Kumi na sita.

"Leokadia Mhagama."

Akainua macho.

Na akawaona. Miaka yote hiyo hakuwahi kuwaona. Vifua kumi na vinane vilikuwa vinajaa kwa wakati mmoja, midomo kumi na minane inafunguka, kila mtu anatazama mezani, kila mtu peke yake. Kibwana naye, shingo imetanuka. Pumzi ilikuwa imefika kooni.

Mwantumu akainua mkono na kukunja ngumi.

Mwili hausahau fimbo ya mwalimu wa kwaya. Wote wakashika. Mashavu yakajaa, macho yakawatoka, na wakaona, wakitazamana kwa mara ya kwanza, kwamba kila mmoja alikuwa amevuta pumzi ileile kwa jina lilelile. Tekla alimwona Apolinari. Apolinari alimwona Kibwana.

"Leokadia Mhagama," alisoma mara ya pili. Ngumi juu.

Kimya. Mvuke wa wali ulipanda ukanyooka.

"Leokadia Mhagama."

Hakuna aliyeitika. Jina lilivuka bwalo zima, likafika mlangoni, likatoka nje, na huko nako hakuna aliyelipokea. Mwantumu alishusha mkono, akashika kalamu. Kibwana alinyoosha kiganja kumzuia, kisha kiganja kikabaki hapohapo katikati, hakikwenda wala hakikurudi.

Kalamu ikachora duara. Polepole, kwa sababu mkono ulikuwa mzee, na kwa sababu duara lisipofungwa vizuri ni kama halijachorwa.

"Hayupo," alisema.

Akaona vema ya jina lake mwenyewe inaanza kupauka. Kisha ya Apolinari. Kisha ya Kibwana. Wino ulikuwa unarudi kwenye karatasi kama maji yanavyorudi mchangani. Alisubiri kuhisi hayupo. Goti likamuuma vilevile. Akahisi mtu anahema karibu yake. Alikuwa Tekla.

"Alipita njia gani?" Tekla aliuliza.

Lilikuwa swali la kawaida kabisa. Ndilo swali ambalo watu huuliza mwenzao akikosekana. Lilikuwa limechelewa miaka hamsini, na lilipotoka, viti vilisogezwa nyuma vyote.

"Njia ya jikoni," alisema mtu. "Alikuwa anapitia jikoni, kuna uwazi kwenye ua."

"Mimi nitashika kando ya mto huku chini," alisema Apolinari. "Nina viatu."

"Kibwana, unabaki na mshumaa wako?"

Kibwana aliupuliza mshumaa ukazimika. Akatafuta fimbo yake.

Waliacha wali mezani. Walitoka kwa mlango wa jikoni, wazee kumi na wanane, wakiita. Hawakuita kwa pumzi moja. Kila mmoja aliita kwa wakati wake, kwa sauti yake mbovu, jina likaanguka hapa na pale mteremkoni kama mbegu zilizomwagika. "Leokadia!" "Leokadia wee!" "Leo-ka-dia!"

Mwantumu hakwenda nao mara moja. Alipitia langoni kwanza.

Mwanamke alisimama kutoka kwenye jiwe lake. Alikuwa amesikia makelele, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho hakikuwepo jana.

"Yupo, mwanangu?"

Mwantumu aliweka daftari chini, vumbini. Akahitaji mikono yote miwili.

"Hayupo, mama," alisema. "Nilikudanganya. Hakuwepo tangu siku ile. Nipe mtoto nikusaidie, twende tukamtafute."

Mwanamke akashika fundo la mbeleko. Kisha uzee ukamfikia, wote kwa mpigo, mvi na makunyanzi na mgongo, akayumba, Mwantumu akamdaka. Na kule mgongoni, ndani ya mbeleko, mtoto ambaye hajawahi kulia miaka hamsini akafungua kinywa, akaanza kulia.